Saa Moja na Dakika Kumi na Nne

Kwanza zilisikika kelele za mashine ya kuchapia, kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua kwa kijiko cha bati. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya wakanyamaza. Kelele ile ilikuwa ya jioni. Ikisikika mchana, wote walijua kuna mtu amekuja kudai karatasi.

Ndani ya chumba cha mapokezi Lugano alisubiri karatasi itoke, akaichana kingo zake zenye matobo, akaipitisha dirishani bila kuisoma. Aliyeipokea alikuwa Mwalimu Aliko kutoka Ikolo. Dada yake, Doreen, alikuwa amefia kituoni hapo jana yake, Jumanne, baada ya kujifungua mtoto wa kike aliye hai. Kesho wangemzika, na Mwalimu ndiye angesoma historia ya marehemu. Huku Kyela, historia isiyo na saa ni aibu kwa ukoo. Watu wanataka kusikia marehemu alizaliwa lini, akabatizwa lini, akaolewa lini, akaugua lini, akafika hospitali saa ngapi, akakata roho saa ngapi. Saa ya kukata roho Mwalimu alikuwa nayo kwenye fomu aliyojaza mkunga. Saa ya kufika ndiyo aliyoifuata.

"Ndaga fijo, Baba Ikupa," alimshukuru Lugano kwa Kinyakyusa, akaikunja karatasi kwenye mfuko wa shati.

"Pole sana, Mwalimu."

"Tumeshapoa. Tulikuwa tumekosa hii tu."

Lugano akarudi kwenye kiti chake mbele ya kompyuta. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, na katika mwambao wote ule wa ziwa hakikuwepo kituo kingine cha misheni chenye kompyuta. Wafadhili waliileta pamoja na mabamba ya kunasa jua, na Lugano ndiye aliyefundishwa kuitumia. Watu walikuwa wakichungulia dirishani kumtazama anavyobonyeza, naye hakuwafukuza.

 

Keziya, mke wa Lugano, ndiye aliyekuwa mkunga wa zamu Jumanne ile. Alikwenda msibani kama wanawake wengine wote, na mchele wake kilo tano kwenye mfuko wa kitambaa, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Walimpokea vizuri. Alikaa upande wa vyungu akaosha vyombo, na wenye msiba walimshukuru kwa kumshika marehemu mkono mpaka mwisho.

Kisha Mwalimu Aliko akasimama kando ya kaburi, lililochimbwa pale pale uani, na karatasi zake. Alisoma taratibu, kwa sauti ya darasani. Alipofika Jumanne, alisoma kwamba marehemu aliondoka nyumbani alfajiri kwa miguu, peke yake, mume akiwa Karonga kwenye biashara na mama akiwa shambani kulinda mpunga dhidi ya ndege. Kwamba alifika kituo cha afya saa moja na dakika kumi na nne asubuhi, akapokelewa na mkunga Keziya. Kwamba, kwa mwandiko wa mkunga huyo huyo kwenye fomu, alianza kuhudumiwa saa sita na dakika arobaini mchana.

"Hapo katikati," alisema Mwalimu, "ni saa tano na dakika ishirini na sita. Nimetoa mara tatu, jibu ni hilo. Mkunga yupo hapa hapa, ni mwenzetu. Mimi sina neno zaidi."

Mwanamke aliyekuwa akisuuza vyombo karibu na Keziya alinyoosha mkono, akachukua bakuli mkononi mwa Keziya.

"Lete, dada. Tutamalizia wenyewe."

Keziya alirudi nyumbani peke yake, akipita kwenye matope ya masika huku viatu ameshika mkononi. Asubuhi alipofungua mlango alikuta mfuko wake wa kitambaa kizingitini. Mchele ulikuwa ndani, wote, umefungwa kwa fundo lile lile alilolifunga yeye. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mchele wa msibani ukirudishwa.

 

"Baba Ikupa, mashine yako inasema alifika saa moja," Keziya alimwambia mumewe.

"Ndivyo ilivyoandika."

"Wewe ulikuwa dirishani. Unasema alifika saa ngapi?"

"Saa sita ilishapita. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Aliletwa na nani?"

"Yule mwenye baiskeli aliyefunga mitumba kwenye magunia. Alimweka barazani, akaomba maji anawe damu, akaondoka. Hakutaja jina." Wote wawili walijua kwa nini. Mtu anayevusha mitumba mpakani, mto Songwe, kwa njia za vichochoroni hataji jina lake kwenye nyumba yenye karatasi.

"Basi kwa nini iandike saa moja?"

Lugano alisema ataangalia. Hakuhitaji kuangalia.

Fundi aliyekuja kutoka Mbeya kuifunga kompyuta alikaa siku mbili, na jambo moja alilirudia kuliko mengine. Kila mgonjwa awe na muamala wake. Ubonyeze Anza, uandike, ubonyeze Thibitisha, basi, umfungulie mwingine. Alieleza kwamba mashine haitazami saa yake kila wakati. Hutazama mara moja tu, pale unapobonyeza Anza, kisha hushikilia saa hiyo na kuipachika kwenye kila unachoandika mpaka uthibitishe. Jina la mhudumu wa zamu nalo ni hivyo hivyo: unaliandika mwanzoni, linaganda mpaka mwisho. Kwa mashine, kila kilichomo ndani ya muamala mmoja ni tukio moja, la saa moja, mkononi mwa mtu mmoja. Kwa mgonjwa wa dakika tatu hakuna kinachoharibika.

Lakini kila Thibitisha ilitema ukurasa mzima, na karatasi zilitoka Mbeya. Hezroni, katibu wa kituo, ambaye alihesabu hata viberiti vya jikoni, alimwita Lugano siku moja akamwambia afungue asubuhi na athibitishe jioni. Ukurasa mmoja kwa siku ungetosha. Lugano alijua si sahihi. Hata hivyo kwa miezi mitano alifanya hivyo, na hakuna aliyelalamika. Nani aliwahi kuuliza saa ya mtu aliyepona?

Ukurasa wa Jumanne ulikuwa kwenye droo yake. Wagonjwa ishirini na watatu, na wote walifika saa moja na dakika kumi na nne. Wote walipokelewa na mkunga Keziya, hata mzee Ambilikile, aliyekuja saa nane na ushee kung'olewa jino. Mwalimu Aliko alipewa mstari mmoja tu wa ukurasa ule, na mstari mmoja ukiwa peke yake ulionekana kweli tupu.

Aliukunja, akaurudisha drooni. Hapo nyuma, chama cha ushirika alikoajiriwa kilipovunjika, alipunguzwa kazi, na miaka mitatu alishinda barabarani akiuza sabuni za kipande. Nyumba waliyolala ilikuwa ya kituo. Na liko jambo jingine ambalo lilimuuma kuliko hayo: daftari la zamani la mapokezi, ambamo karani aliandika kila mgonjwa kwa mkono na saa yake, alilibeba yeye mwenyewe kwenda kulifungia stoo, akicheka. Alisema mambo ya wino yamekwisha.

 

Kituo kilimsimamisha Keziya mpaka kamati ikae. Wafanyakazi wenzake walisema wazi kwamba Doreen aliletwa mchana, lakini nani awasikilize? Wanakula mshahara kwenye dirisha moja. Na wagonjwa wa asubuhi, wale ambao wangeweza kusema hawakumwona mtu barazani, walikuwa wametawanyika kukimbia mvua saa nne, na hakuna aliyewafuata kuwauliza.

Keziya akawa mtu wa kukaa ndani. Bombani, akifika, ndoo zilizotangulia zilichukua muda mrefu kujaa, na mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa. Alimsalimia mama mmoja aliyemzalisha yeye mwenyewe, "Ugonile," na mama yule akainama kufunga kamba ya ndoo ambayo haikuwa na kamba. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi ya watu wanne. Wajawazito walipita mbele ya kituo wakiwa juu ya baiskeli, matumbo yao yamefunikwa nailoni, wakaendelea mpaka Kyela mjini. Shuleni watoto walimngojea Ikupa, binti yao wa miaka tisa, mmoja akamuuliza saa ngapi sasa, na wengine wakajibu kwa kwaya: saa moja na dakika kumi na nne.

Siku ya saba Lugano alimfuata Hezroni ofisini kwake. Alimkumbusha maneno yake kuhusu karatasi. Hezroni alifunga mlango polepole, akaketi.

"Nilikuandikia barua?"

"Hukuandika."

"Uliweka sahihi kwenye maelekezo ya fundi, au hukuweka?"

"Niliweka."

"Basi sikiliza, bwana. Ukisimama kusema hayo, utasimama peke yako. Mkeo atapata onyo, atahamishwa, atasahau. Watu husahau. Lakini wewe ukisema umeharibu kumbukumbu za miezi mitano, hakuna wa kukuonya. Utaondoka, na nyumba utaiacha."

Lugano alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru.

 

Siku ya kumi na moja Lugano alirudi mchana kula, akamkuta Keziya amekaa kwenye mkeka na kalamu ya Ikupa. Mbele yake zilikuwa kurasa nne zilizochanwa kwenye daftari la shule. Kwenye kila ukurasa alikuwa ameiandika Jumanne ile upya: saa moja nimepokea zamu, saa mbili kasoro nimepima mama wa mapacha, saa tatu na nusu nimechemsha vifaa. Kwenye ukurasa wa nne mistari ilianza kukatwa na kuandikwa tena.

"Unafanya nini, Mama Ikupa?"

"Natafuta nilipompita." Hakuinua macho. "Labda alikuwepo. Labda alijikunja mwisho wa benchi, nikapita na beseni, sikumwona. Nimepita pale mara nyingi asubuhi ile. Mashine haina chuki na mimi, Baba Ikupa. Kama imeandika, labda mimi ndiye nimesahau."

Lugano alisimama mlangoni akiwa bado hajavua viatu. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, hata kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Alirudi kituoni bila kula, akauchukua ukurasa kwenye droo, akaja akauweka juu ya zile kurasa nne.

Keziya aliusoma kwa kidole, jina kwa jina. Alipofika kwa mzee Ambilikile kidole kilisimama.

"Huyu alikuja na jino. Hata sikumgusa."

"Najua."

Alimweleza yote: Anza, Thibitisha, karatasi za Hezroni. Hakujitetea sana. Keziya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazikusanya kurasa zake nne, akazipanga pembe kwa pembe. Jogoo wa jirani akaingia ndani, akadonoa, akatoka.

"Ulijua lini?"

"Siku uliporudi kutoka msibani."

"Siku kumi na moja," alisema Keziya. "Nimelala kwenye kitanda hiki siku kumi na moja nikidhani niko na mtu."

Hakumwomba aseme kwenye kamati. Hilo ndilo lililokuwa zito. Aliinuka, akapakua chakula, akakiweka mbele yake kama kila siku, akaenda kukaa nje na mgongo wake umeelekea mlango.

 

Kamati ilikaa Jumamosi ukumbini, mchungaji akiwa mwenyekiti. Keziya aliwekwa kwenye kiti cha peke yake, mbele. Ukoo wa marehemu ulileta watu watano. Mwalimu Aliko alikuwa na karatasi yake, na mama yake, Bi Maria, alikuwa na mjukuu mgongoni, kichanga wa wiki mbili ambaye alikuwa akilishwa maziwa ya jirani. Kilichotakiwa kuamuliwa kilijulikana: jina la Keziya lipelekwe wilayani ili afutwe ukunga, au lisipelekwe.

Lugano aliomba ruhusa kabla ya mtu yeyote kuulizwa. Aliwaomba wahamie wote mapokezi. Hezroni akasema huo ni utaratibu gani, lakini mchungaji alikuwa ameshanyanyuka.

Chumba kilijaa, wengine wakabaki dirishani. Lugano alibonyeza Anza, akaandika jina lake kama mhudumu, kisha akaandika jina la Mwalimu Aliko kama mgonjwa aliyefika. Akamwomba Mwalimu atazame saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa nne na dakika mbili.

"Sasa tukae," alisema.

"Tukae tukingoja nini?" aliuliza Hezroni.

"Tukae tu, Katibu. Hata wewe unaweza kuhutubia."

Mtu mmoja dirishani alicheka. Hezroni alihutubia kweli, kuhusu gharama, kuhusu wafadhili na jina la kituo, na alipochoka mchungaji aliomba sala. Kichanga alilia, akabembelezwa. Lugano aliandika jina la Bi Maria, akamwuliza tena Mwalimu saa. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na nane. Akabonyeza Thibitisha, na mashine ya kuchapia ikaanza kukwangua.

Karatasi alimpa Mwalimu Aliko mwenyewe aisome. Mwalimu aliisoma moyoni, akatazama saa yake, akaisoma tena kwa sauti. Aliko, saa nne na dakika mbili. Maria, saa nne na dakika mbili. Lugano akaweka pembeni yake ukurasa wa Jumanne wenye watu ishirini na watatu. Mwalimu hakuhitaji kusaidiwa hesabu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na ilionekana hataki kuivaa tena.

"Nilisoma kaburini," alisema taratibu. "Nilisoma mbele ya watu wote."

"Ulisoma nilichokupa," alisema Lugano. "Mimi sikukisoma hata mara moja."

Mchungaji aliuliza nani aliyeruhusu kazi ifanywe hivyo. Lugano akamtaja Katibu. Hezroni alisema hajui muamala wala dubwana gani, yeye ni mtu wa mafaili, na kama kuna barua yake ionyeshwe.

"Barua haipo," alisema Lugano. "Nilisikia kwa masikio, nikatii kwa sababu ilinipunguzia kazi. Sahihi kwa fundi ni yangu. Mke wangu hakukosa kitu. Marehemu alipokelewa saa sita na dakika arobaini kwa sababu ndipo alipofika."

Haikuchukua muda. Jina la Keziya halingekwenda wilayani, Jumatatu angerudi wodini. Lugano angemaliza mwezi, kisha akabidhi ufunguo wa mapokezi. Habari ya nyumba ingejadiliwa. Hezroni aliandika muhtasari kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyempigia mtu makofi. Wanawake wawili wa Ikolo walimsogelea Keziya wakampa mkono. Aliupokea, akautoa haraka, kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Hakumtazama mumewe.

Watu walipoanza kutoka, Bi Maria alibaki amesimama mbele ya dirisha, mikono nyuma akishikilia mtoto.

"Kwa hiyo saa moja hakuwa hapa."

"Shikamoo, mama. Hakuwa hapa."

"Alitoka nyumbani alfajiri. Jirani alimwona anafunga mlango. Kutoka kwetu mpaka hapa ni mwendo wa saa mbili, hata kwa mwenye tumbo." Alizungumza bila hasira, na hilo liliwafanya waliokuwa mlangoni wasimame. "Mimi nilikuwa shambani napiga debe kufukuza ndege. Siku zote hizi nilimchukia mkeo, baba, sikufichi. Nikila namchukia, nikilala namchukia. Lakini nilikuwa nasema, angalau mwanangu alikuwa kwenye benchi. Hata kama hawakumjali, walikuwepo watu, alisikia sauti zao. Sasa umeniondolea benchi. Asubuhi yote ile alikuwa wapi?"

Yule mwenye baiskeli alimtoa wapi hakuna aliyemwuliza. Siku ile, wakati matone ya damu yakiwa bado barazani, Lugano alikuwa ameandika jina kwenye muamala wa asubuhi na kurudi kutazama mvua.

"Huyu atakuja kuuliza," alisema Bi Maria, akimwinua mtoto kidogo mgongoni. "Atataka kujua mama yake alilala chini ya mti gani. Nitamsomea karatasi ya nani?"

Lugano alizunguka meza, akatoka nje ya chumba, akasimama barazani mbele yake, mahali ambapo yeyote angeweza kumsikia. Keziya alikuwa hatua chache tu, akifunga kanga upya.

"Sijui alikuwa wapi, mama," alisema. "Ila kesho asubuhi nitakuja mlangoni kwako, na nitaanza kutembea kutoka pale kuja huku, nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba. Yule wa baiskeli nitamtafuta mpaka ng'ambo ya Songwe, na nitamwambia sina haja na mizigo yake. Kila atakayesema alimwona Doreen nitaandika kwa mkono wangu, mahali pake na saa yake. Nitarudi nikusomee mimi mwenyewe. Na pale ambapo hakuna mtu aliyemwona, mama, nitakuambia hakuna. Sitajaza."